Kwa Patrisi, Aliyerudi Kwenye Nyumba Zilezile

Ni mwaka mmoja sasa tangu utoke hapa Rhotia kwa miguu, koti begani. Ulikuwa umeshapita kwa jirani Raphaeli wakati mkeo Cresensia anakuita urudi unywe hata uji. Ukapunga mkono tu, ukashika njia ya Endabash.

Mdogo wangu, ulikuwa mpole, na utani wako wa chini chini. Kituo cha utafiti kilikupa kazi ya kuzunguka nyumba zilezile kila mwaka na swali lilelile: bado mnapanda mahindi yetu mapya, au mmeacha? Aliyehama ulimfuata. Ngoitiko ulimfuata hadi Ngorongoro, na hata kilimo kilipopigwa marufuku kule ulikwenda tu, ukauliza, ukaambiwa hakuna, ukanywa maziwa, ukarudi.

Watu walikupenda wewe kuliko mbegu zako. Mahindi yale fukusi waliyamaliza ghalani, basi watu wakayaacha. Ila walikuwa wanapanda mistari michache ya mbegu zako kando ya njia, wakisema Patrisi akipita aone, asije akafukuzwa kazi. Wewe ukaruka mtaro, ukachungulia nyuma ya mistari, ukacheka.

"Mama Antonia, huku nyuma mbona ni mbegu za bibi yako tupu?"

"Ee, Bwana Mbegu! Ukiandika nimeacha, mwakani utakuja?"

"Nitakuja. Walioacha nao huulizwa."

Ukaandika kweli, nyumba hadi nyumba, kwamba wameacha. Kituo kikafungwa. Ukakosa kazi, ukakosa na nyumba waliyokupa. Tulikusihi utulie ulime, ukasema, "Nilimwahidi Mama Antonia nitakuja." Mvua ikakukuta njiani, kifua kikakubana, ukafia kwake Endabash. Anasema ulimuuliza kwanza swali lako, ndipo ukaomba pa kulala.

Tungependa kusema kazi yako imezaa kitu. Hatujakiona. Katika nyumba za kituo wanalala mbuzi. Wataalamu walirudi kwao. Ngoitiko amebaki na ng'ombe wachache. Mama Antonia amehamia Mbulu kwa mwanawe, anapanda mahindi ya zamani. Cresensia yuko kwa wazazi wake. Mama haoni tena vizuri. Mimi bado natembea nikitafuta vibarua. Leo nipo Karatu, wiki ijayo sijui. Mavuno yamepita na hakuna aliyekuja kuuliza.

Unakumbukwa na mama yako Evarista, mkeo Cresensia, na mimi kaka yako Josephati, pamoja na ndugu wote wa Rhotia na Ganako.

Siku zote tutakukumbuka, Patrisi. Njia yako imeota majani.