Makofi Mlangoni kwa Mwami

Mpwa wangu Zawadi,

Huku Gungu wazima. Mama yako anakusalimu, nami nazidi kuwa kijana. Unauliza, ukiwaleta wenzako wa chuo kutembea Heru Juu, hawataicheka ikulu ya mwami, mtawala wetu wa jadi, kwa udogo wake?

Mimi nilimpeleka huko mke wangu tukiwa wachumba. Nilimwambia kunguru akivuka paa la ikulu hiyo hupumzika mara mbili. Alipoiona akanuna: "Ndiyo hii, muongo wewe?" Nikaona harusi inaondoka.

Bibi mtunzaji wa ikulu akatoka. Mchumba wangu akachuchumaa, akampigia makofi ya salamu, kama tunavyofanya Waha. Bibi naye akachuchumaa, makofi yakajibizana, nuno likamtoka mchumba.

"Ingia na mumeo," bibi akasema.

Mchumba hakukanusha!

Walete, ila wafundishe kwanza hayo makofi. Na lile paa, nakuapia, siku ile lilizidi hata nilivyosema.

Mjomba wako, simba wa Gungu