Mstari wa Mwisho wa Mwalimu Njeru

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa ya tanuri, kati ya ishirini na moja. Digrii mia sita, haijatetereka. Nimeikagua mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Mvua Meru yote, mabati ya maabara hayanyamazi. Ndani ya bomba la glasi kuna kipande cha aloi ya metali mbili, titani na paladi, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kinaokwa mpaka fazi zake, yaani mipangilio ya atomu zake, zitulie, kila moja ijue mahali pake. Hakiharakishwi.

Mwalimu Njeru alikuwa na sheria moja: stima ikipotea, anza kuhesabu upya. Hata ikiwa imebaki siku moja.

Desemba stima ilipotea kwa saa sita nzima. Siku ya kumi na mbili. Sikuanza upya. Yeye alikuwa wodini Embu, amebaki mifupa, nami nilitaka aone jibu kabla hajaenda. Nikaandika siku ishirini na moja mfululizo. Nilidanganya. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Kitabu cha mazishi kiko kwenye droo yangu. Ukurasa wa nyuma familia ilichapisha mchoro wake wa mwisho, ramani ya fazi za aloi hii, aliouchora kitandani. Mstari mweusi, mnene, unaotenganisha fazi, unapita juu ya nukta yangu, lile jibu la Desemba. Watu walijipepea na uongo wangu pale kaburini. Na makala yenye jina lake yanaenda kwa wahariri Ijumaa ijayo. Nikinyamaza, ndivyo atakavyosomwa.

Mchana nilipasha waya wake wa aloi ileile. Nilikuwa nimeunyoosha kwa koleo ukiwa baridi. Ulipopita digrii mia tano na kitu ukajikunja wenyewe, ukawa tena ndoano, ile aliyoipinda yeye ya kutundikia kofia. Sababu naijua. Martensiti, mpangilio wa atomu aloi ikiwa baridi. Atomu husogea pamoja, kufumba na kufumbua, hakuna inayomwacha jirani yake, kwa hiyo njia ya kurudi zinaijua. Nimefundisha hayo miaka minne. Bado niliruka, nikamwaga chai. Nilihisi amesimama mlangoni. Nikasema pole, kwa sauti. Chumba kilikuwa kitupu.

Jumatano, 5 Machi

Ishirini na moja. Za kweli. Nimevunja bomba ndani ya ndoo ya maji, nikasugua kipande, nikakiweka chini ya darubini. Kile cha Desemba kilijaa madoa ya fazi ya pili. Hiki hakina hata doa.

Mstari uko mahali pabaya. Mimi ndiye niliyeuweka, maana aliuchora kwa kuifuata nukta yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda Embu kwa Mama Muthoni, mjane wake. Alikuwa amepika mukimo. Nilimwambia yote kabla hatujaombea chakula. Nilidhani atanifukuza. Akaingia chumbani, akatoka na karatasi.

"Aki Kawira, hii ndio alichora mwenyewe," akasema. "Wale wa kuprint walisema line imekatika-katika. Wakaitengeneza ikawa smart."

Katika kazi yetu, mstari uliokatika maana yake ni kwamba hatuna hakika. Wake ulikuwa mzima kote, ila ulipofika kwenye nukta yangu ulikatika-katika. Pembeni, kwa penseli, mwandiko unatetemeka: *K. atarudia.*

Stima ilipopotea siku ile, hata wodini jenereta iliwashwa. Mama Muthoni anasema kitu cha kwanza Mwalimu alichouliza ni tanuri. Kumbe alijua. Nilipompigia na jibu langu alisema asante tu. Nimelia jikoni kwa watu kama mtoto, na mukimo ukapoa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imepungua. Kwenye mchoro wa makala nimeusogeza mstari, nikauchora mzima. Kwenye daftari la maabara, kando ya hesabu ya Desemba, nimeandika kwamba stima ilipotea kwa saa sita na nikaficha. Nikatia sahihi. Chini yake: *K. amerudia.*

Waya nimeupasha tena. Ukajikunja. Safari hii sikuruka. Ulipopoa niliufunga ukutani, nikatundika koti langu.