Umeniharibia "Pita Kwetu"

Dada yangu Zaina,

Salamu zako ninazo, tena nyingi, lakini nimezifungia sandukuni mpaka nimalize kukugombeza. Mwenzio nimechoka. Barua yako ya kutoka Tanga nimeisoma mie mwenyewe bila kumwita mtu, maana mwalimu alisema darasa la nne linanitosha, na kweli limenitosha. Barua nzima habari za kuku wa shemeji. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetupa ganda la muhogo, unaandika: "Kuimba nimeacha." Basi!

Umeacha kuimba? Na sie umetuachia nini?

Hebu kumbuka wimbo wa Baba ulivyokuwa kabla hujautia mkono. Baba alikuwa kapteni wa beni, ile ngoma ya gwaride na tarumbeta, kijana, kofia ya askari kichwani na mkanda wa kuazima. Akatunga "Pita Kwetu" kuwachokoza beni wa Kariakoo. Tarumbeta mbele, miguu chapuchapu, vumbi mpaka puani: Pita kwetu, mlango uko wazi, pita kwetu, usiogope! Yaani kama kweli nyie wanaume, thubutuni kupita mtaani kwetu. Tumekua nao wimbo huo. Baba akiranda mbao anaupiga mluzi, Mama akitwanga anaufuata, mie napiga ndoo mpaka inatoboka. Hakuna harusi Temeke iliyokwisha bila huo wimbo, na wote wanaucheza mbio.

Ukaja wewe na mambo yako. Ulikuwaga huondoki kwenye ule mkahawa wenye santuri. Mie nakunywa chai yangu na yako, wewe umeinamia sahani ya santuri inazunguka, mwanamke wa ng'ambo analalamika kwa lugha yake.

"Sikiliza anavyochelewa," ukaniambia.

"Si ajifunze kuwahi!"

"Anachelewa makusudi, mjinga wewe. Ngoma inapita, yeye anakuja nyuma kama mtu anayefikiri."

Nikacheka. Laiti ningejua, ningekanyaga ile santuri.

Maana Jumamosi ile bendi yetu ilipopiga klabuni ulinifanyia kisa. Nimeanza "Pita Kwetu" mie, na dramu unajua hakuna anayenifikia kutoka hapa mpaka Keko. Nikakukonyeza uingie. Huingii. Nikazunguka tena. Huingii! Kassimu wa gita ananitazama kama mie ndiye niliyekosea. Halafu ukaingia taratibu, sauti ya chini, kama unamsemesha mtu aliye chumba cha pili. Wachezaji miguu ikawa juu haijui ishuke lini. Mama Siwema alikuwa ameshanyanyuka na kanga yake kuja kukutunza, anakuja kwa mwendo ule tuliouzoea, akafika mbele yako wewe bado uko kwenye neno la kwanza. Akabaki amesimama na kanga mkononi kama anayetafuta kamba ya kuanikia. Nilitaka nizame chini ya dramu.

Ukafika "mlango uko wazi," ukanyamaza. Ukavuta pumzi. Mie nikanyanyua fimbo zangu na sikuweza kuzishusha, wallahi, mkono ulikataa. Ndipo ukasema, "Usiogope." Mama Siwema akalia. Mwanawe alikwenda kufanya kazi mkongeni na hajarudi, na kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunamrusharusha mama wa watu kwa maneno yale yale. Akakufunga kanga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyepiga kigelegele.

Baba alikuwa mlangoni. Tulipofika nyumbani hakukaa hata kitini.

"Mie nimetunga wimbo wa kutamba, wewe umeufanya matanga."

"Baba, maneno ni yale yale."

"Ndiyo ubaya wenyewe! Usiuimbe tena wimbo wangu."

Na wewe kichwa kigumu, umemrithi yeye, ukasema, "Nimesikia, Baba." Huo ndio ukawa mwisho. Ukaolewa, ukapanda gari na karani wako wa reli, na mpaka leo hujakanyaga hapa. Mie nimebaki katikati ya watu wawili wanaonuniana kwa posta.

Sasa sikia balaa uliloniachia. Tukiupiga wimbo kwa mwendo wa zamani, watu wanakunja nyuso, wananiambia: "Aa, Madoido, huo sio wenyewe." Tukiupiga kwa mwendo wako, hakuna wa kuuimba. Nikajitolea mie. Nina sauti nzuri, usibishe. Nikafumba macho, nikachelewa makusudi, nikavuta pumzi. Msichana mmoja mzuri sana wa Kinondoni akaniuliza kama naumwa jino.

Juzi tulikuwa tunajifua uani. Baba yuko pembeni anaranda mlango. Nimemuuliza wa nani, ananijibu ni wa mteja. Nikaamua kumfurahisha mzee, nikauimba "Pita Kwetu" mbio mbio, kibeni hasa. Nilipopita "mlango uko wazi," randa ikasimama.

"Siyo hivyo."

"Baba, si ndivyo ulivyoutunga?"

Akapuliza takataka za mbao. "Hapo mwenzio alikuwa anapumua."

Jikoni Mama akakohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko. Mie nikapata ujasiri.

"Nimwandikie Zaina kwamba aje?"

"Mie sijasema mtu aandike."

"Nimwambie nini sasa?"

"Sijasema kitu. Kalamu iko juu ya kabati."

Unamwona baba yako? Hawezi kutoa neno, na wewe huwezi kuja bila kulisikia. Mmenichosha wote wawili! Idi pili tunapiga klabuni, na nimeshawatangazia watu kwamba unakuja. Ndiyo, nimetangaza bila kukuuliza, nani angengoja jibu lako? Shemeji mlete, na kuku wake kama hawezi kuachana nao. Nitauanza wimbo kwa mwendo wako. Tukifika pale pako nitanyanyua fimbo, na usipokuwepo sitazishusha. Nitakaa hivyo hivyo mbele ya Temeke nzima, mbele ya yule wa Kinondoni, na aibu itakuwa yako.

Kitu kimoja tu, na usimwambie Baba kwamba umekisikia kwangu. Ule mlango wa mteja ameupachika jana. Ameuweka kwenye chumba chako cha zamani. Mama alitaka kuufunga ili kuku wasiingie, Baba akamwambia auache hivyo hivyo.

Salamu zako sasa nimezitoa sandukuni. Njoo uzichukue mwenyewe.

Mdogo wako aliyekupigia ndoo kabla hajapata dramu,
Madoido