Majivu ya Mafuta ya Nazi

Jumanne, 23 Februari 1993
Kesho Kwaresima. Waislamu nao wameanza Ramadhani — mwaka huu tumeingia mlango mmoja! Nusu ya darasa la nane hawatakula mchana. Sufuria ndogo itatosha.
Jioni nimechoma matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana nyuma ya jiko la shule, nikayasaga, nikayachuja kwa chujio la chai. Mwaka jana majivu yalikuwa makavu, yakawaingia watoto machoni. Mara hii nimetia mafuta ya nazi. Yameshika! Nimejipaka mkononi, sabuni mara mbili na alama bado ipo. Nimefurahi.

Jumatano, 24 Februari
Kosa. Tena langu mimi.
Siku ya Majivu watoto Waislamu hubaki darasani na Mwalimu Gona. Ndivyo tulivyozoea. Lakini Mwanasaumu wa darasa la nane alikuja kanisani kuleta vitabu vya nyimbo. Mtoto wa kutumwa yule, hana neno la "sitaki". Nami napanga foleni, Padre Odhiambo ana haraka. Sista Dorcas, mwalimu mkuu, hataki mitandio shuleni, basi vichwa vyote ni vimoja. Nikamshika bega — haya, songa, songa! Akasema abee, akasonga. Padre ni mgeni, hawajui watoto. Kuinua macho, msalaba mweusi uko kwenye kipaji cha uso wake.
Nikamfuta kwa leso yangu. Yakasambaa.
"Hayatoki, Mama Mbeyu," akasema, karibu acheke.
Mafuta yangu!

Alhamisi, 25 Februari
Hakuja. Katana bawabu ni jirani yao huko Mjambere. Asema kwamba Bi Mastura, bibi aliyemlea, amemsugua kwa ndimu hadi ngozi ikawa nyekundu. Eti tumembatiza mtoto kwa hila, shule basi.
Na Jumatatu asubuhi Sista anaandika majina ya mtihani wa darasa la nane. Kengele ikilia lango lafungwa, aliye nje haandikwi. Miaka minane! Na kwa hesabu hakuna anayemshinda.
Sista ametuma barua. Bi Mastura hajui kusoma, msomaji wao ni Mwanasaumu mwenyewe, na mtoto atajiombeaje? Nitakwenda mwenyewe.

Ijumaa, 26 Februari
Nimerudi. Miguu yauma, moyo pia.
Nilifika magharibi inakaribia. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba — baridi. Nikasema kosa ni langu, si la Padre wala la Sista. Bi Mastura akaendelea kupanga tende. Adhana ikalia, akala tende, akasali. Akarudi na sahani, akaiweka mbele yangu. Muhogo wa nazi kwa nyama.
"Karibu futari."
Nyama! Ijumaa ya Kwaresima! Nikakaa naitazama.
"Yenu mwatutia usoni bila kutuuliza. Yetu mwaona kinyaa?"
Nikamwambia hapana, wallahi — neno lilinitoka tu! Nami nimefunga, Ijumaa hatuli nyama.
Akanitazama. Kisha akacheka, na meno mawili aliyobakiwa nayo. "Kumbe na wewe una saumu yako!" Akachukua kijiko, akaziopoa nyama moja moja, akazitia sahani yake. Alipomaliza hakucheka tena.
"Wewe umesema, mimi nimekuondolea. Mtoto wangu mlimuuliza?"
Nikala muhogo. Mtamu, Mungu anisamehe.
Mwanasaumu alikuwa mlangoni anasikiliza, kipaji kimechubuka.
Mwisho Bi Mastura akasema: atarudi, lakini na mtandio wake, ili siku nyingine mtu amtambue kabla ya kumshika bega. Nikasema ndiyo, atavaa.
Nani kanipa mamlaka hayo? Mimi mpishi!

Jumamosi, 27 Februari
Nimeungama. Padre asema kutoa ahadi si dhambi, dhambi ni kuificha. Mwambie Sista.

Jumapili, 28 Februari
Sista alikuwa na wageni. Baadaye alikuwa peke yake. Sikumwambia.

Jumatatu, 1 Machi
Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia la mchele. Maharage yako motoni.
Nimemwambia, saa kumi na mbili na nusu. Alikasirika. Sheria ni sheria, Mama Mbeyu, leo mtandio, kesho nini? Nikasema, bila kufikiri: na wewe Sista, si unao wako kichwani? Ee Mama Maria! Miaka kumi na moja sijawahi kumjibu hivyo. Alikishika tu kitambaa chake cha kichwani, akatoka.
Sasa yuko langoni na orodha yake. Katana ameshika kufuli.
Nawaona kwa dirisha la jiko. Bi Mastura na mkongojo wake, polepole, ndiyo kwanza wanapita duka la mafuta ya taa. Mwanasaumu kando yake. Mtandio mweupe, umeshushwa hadi kwenye nyusi. Angeweza kukimbia. Hamwachi bibi yake.
Kengele ni kazi yangu, saa mbili kasorobo kamili. Zimepita dakika tatu. Kamba ninayo mkononi, mkono wa kushoto.
Sista ametazama barabarani. Ametazama saa yake. Ametazama huku jikoni, ameniona.
Hajaniita nipige kengele.