Sitaha Aliyoigonga Baba Peke Yake

Bizerte, Jumapili

Kaka yangu Wajdi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo huko Marseille? Wifi hajambo? Na mtoto wetu Emna, kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima. Mama amekwisha kukuwekea chupa mbili za harisa ya pilipili, wala hataki kusikia kwamba mashuani hakuna nafasi.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kabla sijafika katikati ungekata na kumpigia Baba, nami nataka usome mpaka mwisho. Binamu anapanda meli kesho, atakufikishia mkononi.

Habari yenyewe ni ya mashua yako. Ulipopanga kuja kuichukua na kuvuka na Emna hadi Sardinia, ulimwomba Baba aikague sitaha. Akaigonga wakati mimi niko Tunis namuuguza shangazi, akakwambia ni kavu kama biskuti. Nani angembishia? Bandari nzima inamwita Sikio. Anapita na kale kanyundo kake ka plastiki, anasikiliza kama ule mti mwepesi uliobanwa kati ya faiba ya juu na ya chini umelowa, na akishasema, limekwisha.

Niliporudi nikapanda kupiga msasa, na pale mlingoti unaposimama sitaha ikabonyea chini ya kisigino changu. Kidogo tu, kama godoro. Wajdi, nikapakanyaga tena, pakabonyea tena. Uzito wote wa mlingoti unakaa pale, na chini yake ndipo ulipomtandikia Emna kitanda. Nikamwita Baba.

Alikuja amekasirika tayari, akaniuliza tangu lini kisigino changu kimekuwa fundi. Nikamwomba agonge tena mbele yangu. Kwingine nyundo ililia ta, ta. Pale ikawa du, du, kama unapiga donge la unga. Hata Mama angesikia kutoka jikoni. Nikangoja aseme, lakini hakuwa anatazama sitaha, alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa na miwani mikubwa na barakoa ya vumbi. Akasema, "Vua hayo madude, unanitisha." Nikamwambia vumbi litaniua. Akagonga tena, akanitazama tena, akasema ni kavu.

Hasira zikanipanda. Nilidhani analinda jina lake, au anaogopa kukuharibia safari. Nikamwambia nakata. Akaketi palepale, akasema nikitaka kukata nianze na miguu yake, na kwamba tangu nishike grenda ya kukatia nimeota pembe. Bechir wa kreni alikuwa chini, amekuja kuuliza kama mashua inashushwa Alhamisi, akapiga kelele kwa kicheko, "Sikio, leo umepata mpinzani wa nyumbani!" Baba hakucheka wala hakugeuka. Nikafikiri amemnunia.

Nikakata mbele ya magoti yake. Ngozi ya faiba ilipoinuka yakatoka maji meusi, na ule mti nikauchota kwa mkono kama majani ya chai yaliyobaki kwenye birika. Na chanzo ni wewe, kaka. Zile skrubu za kibao chako cha sola ulizipaka silikoni juu kama siagi, ukaona umemaliza, maji yakapenya. Tundu hutobolewa kubwa, likajazwa gundi ya faiba, ikishakauka ndipo linatobolewa tena dogo katikati. Nimekuimbia hilo mpaka nimechoka.

Baba alitia vidole mle, akavinusa. Bechir akaondoka bila utani. Kisha Baba akaniambia, macho yake kwenye vidole vile vyeusi, kwamba hasikii. Sauti ya mtu aliye karibu anaipata, lakini tofauti ya kavu na mbichi ilimtoka polepole, hata hajui ilianza lini. Nikamuuliza, na mashua zote tulizokagua pamoja, mbona hakukosea? Akasema alikuwa akigonga na kunitazama. Nikikunja uso, pamelowa. Ya kwako aliigonga peke yake, hapakuwa na uso wa kutazama, na aliona haya kukwambia ungoje mpaka nirudi.

Nililia, Wajdi. Miaka yote nilijiona mwanafunzi nyuma ya mwalimu wake, kumbe alikuwa anasubiri jibu kutoka kwangu.

Amenisihi nisikwambie. Nimemkatalia, kwa ajili ya Emna. Kwa hiyo Alhamisi mashua haishuki, na usimpigie Bechir kumbembeleza. Nimetoa uozo wote, nimewasha taa za joto pakauke, kisha nitalaza mti mpya, nirudishe ngozi na kuishona kwa faiba juu. Sitaharakisha hata ukinuna.

Tukimaliza, itabidi ikaguliwe, na anayeigonga ni Baba, bandari nzima ikimwona. Nataka uwepo. Usimuulize kitu, usimpazie sauti. Panda, usimame upande wa mbele wa mashua nami nitasimama wa nyuma, na usikilize vizuri.

Nibusie Emna mashavu yote mawili, umwambie Sardinia haihami. Wifi naye mpe salamu zangu. Na siku hiyo, kaka, tafadhali usivae miwani yako ya jua.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dorsaf