Mkunga Ni Mama Yangu, Gari Ni la Mkwe Wake

Hajati Rukiah, mshauri wangu mpendwa, salamu nyingi kutoka huku Luzira. Naomba msaada wako mapema maana tumbo limeshakuwa kubwa na nyumbani kwangu mambo yamekaa vibaya ingawa hakuna anayegombana na mwenzake, na hilo ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu watu wakigombana angalau unaweza kuwapatanisha.

Mimi ni Mganda na mume wangu Lawrence ni Mwacholi, marehemu baba yake alikuwa askari wa gereza la hapa ndiyo maana tumekaa huku, na yeye kazi yake ni kuendesha gari lake dogo la kukodi. Mtoto wetu wa kwanza, Ayaa, nilimzalia hospitali, na sipendi kuwasema vibaya watu walionipokea, lakini nilipolia kwa uchungu muuguzi mmoja aliniuliza kama siku ya kuitafuta hiyo mimba nililia hivyo, na wanawake wenzangu wakacheka, nikaona aibu nikanyamaza, na mtoto alipokuja nilishindwa hata kuita mtu. Nikapona na mtoto akapona, namshukuru Mungu, ila niliapa sitarudi pale.

Sasa mama yangu mzazi, Phelister, ni mkunga aliyesomea, amefanya kazi miaka mingi na leseni yake anailipia mpaka leo, na aliposikia nina mimba tena alisema atatoka kwake Mukono aje anizalishe mwenyewe hapa nyumbani, na ameshaniletea glavu na plastiki ya kutandika na vitambaa alivyovichemsha na kuvipiga pasi, nami nikalia kwa furaha. Kwake siwezi kwenda kwa sababu anaishi chumba kimoja na dada yake aliyepooza.

Tatizo, Hajati, ni ule mwiko wetu wa wakwe. Unajua kwetu mama wa mke na mkwe wake wa kiume hawagusani, hawalali chini ya paa moja, hawakai kiti kimoja, na akivunja mtu mwiko huo mikono yake itatetemeka mpaka kufa. Mama hachezi na jambo hilo. Mwaka jana tulipotoka kwenye mazishi mvua ilinyesha kubwa na Lawrence akamfungulia mlango wa nyuma wa gari, mama akakataa, akatembea kwenye tope mpaka barabarani na viatu mkononi. Nilipomlaumu alinijibu, "Mwanangu, hii mikono ndiyo imepokea watoto wa watu. Siwezi kuiharibu kwa sababu ya mvua."

Lawrence naye anamheshimu kupita kiasi, akija mama huwa wanasalimiana mmoja yuko ndani na mwingine uani. Nilipomweleza mpango alisema, "Mama yako akiingia kwa mlango hii, mimi natoka. Si ubaya, ni heshima tu." Kwa hiyo wiki hizo za mwisho atahamia na gari lake kwa rafiki yake Okot kule Port Bell mpaka mama aondoke. Lakini namwona ana huzuni, alitamani kuwa karibu safari hii, na majirani wameanza kusema nimemfukuza mwanaume nyumbani kwake. Hajati, nimuumize nani? Nimwache mume alale nje, au nimwambie mama asije?

Mama Ayaa, Luzira

Mama Ayaa, mwanangu,

Pole kwa yale uliyoambiwa ukiwa kwenye uchungu. Muuguzi yule alikukosea, na aliyecheka alikukosea vilevile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wako wazazi wanaosahau upesi. Na usidhani nitakutukana kwa kutaka kuzalia nyumbani. Mimi mwenyewe nilizaliwa chumba cha nyuma hapa Old Kampala, mikononi mwa daya, mkunga wetu wa Kinubi, aliyekuwa akizalisha huku anasoma dua. Siwezi kukitukana chumba kilichonipokea.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili na nimekasirika kidogo. Umeniuliza nani alale wapi. Umenieleza majirani wanasema nini. Hakuna mahali uliponiuliza nani atakuendesha mambo yakiharibika. Hebu tazama mpango wenu: mama akiingia, Lawrence anatoka, na Lawrence akitoka gari linatoka naye. Mmepanga vizuri kabisa, mkunga na gari wasikutane hata siku moja! Damu ikitoka nyingi, au mtoto akakataa kugeuka, mama yako atafanya nini? Atampigia simu mkwe wake aje kutoka Port Bell? Akija, huyo mama atapanda, au atatembea na viatu mkononi huku wewe unapelekwa peke yako? Mkunga aliyesomea anajua kwamba nusu ya kazi yake ni kujua wakati wa kusema twende. Naogopa mama yako, kwa kumuwaza mkwe, atachelewa kulisema.

Mwiko wenu siudharau. Umelinda adabu katika nyumba nyingi, na mama anayeitunza mikono yake anatunza riziki yake. Ila heshima si utumwa, na mtoto aliye tumboni hajui nani ni mkwe wa nani.

Basi sikia. Kwanza nenda kliniki upimwe na mtu asiyekuita mwanangu, akuambie kama mimba hii inafaa kuzaliwa nyumbani. Akisema haifai, mjadala umekwisha, utakwenda hospitali, na mama atasimama kando ya kitanda chako kama mama. Nakuhakikishia akiwa pale hakuna atakayekuuliza maswali ya kipumbavu.

Akisema inafaa, mwite mama yako mchana, mkiwa mmeshiba, umuulize waziwazi: nikizidiwa, utapanda gari la Lawrence? Akijibu ndiyo, usiridhike na jibu. Mwambie mpande wiki hiihii. Yeye akae nyuma, wewe kaa mbele, Lawrence atazame barabara yake, mwende mpaka lango la hospitali na kurudi. Wote wawili waone aibu yao sasa, waimalize. Kama yuko mzee wa ukoo wenu wa kuulizwa ruhusa, muulizeni kabla. Mama akifanikiwa, basi Lawrence alale kwa jirani wa karibu, gari likae mlangoni kwako, na mama akuzalishe kwa baraka zangu.

Akishindwa kupanda siku ambayo wewe ni mzima na unacheka, hatapanda siku unayotoka damu. Usimlaumu wala usimwaibishe. Mwombe akuchagulie mkunga mwingine mwenye leseni, miongoni mwa wenzake wa kazi anaowaamini, na vitambaa vyake vilivyopigwa pasi vitumike vilevile. Mama ataitwa mtoto akishatoka, aje amuogeshe kwa mikono yake iliyotulia, na siku hiyo Lawrence ndiye atakayekaa uani. Lakini usiku wa uchungu, mwanangu, mume wako alale nyumbani na ufunguo wa gari uwe mfukoni mwake.

Hajati Rukiah