Beseni Mapajani

Nungwi, 9 Februari 2025

Kwa ndugu yangu Mjaka,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Bwejuu, wewe na watoto. Sisi hapa tu wazima, Mama na magoti yake, mimi na kiti changu cha magurudumu. Simu zangu hupokei na sikulaumu, ndiyo maana nimemwomba Mwalimu Msabah akukabidhi hii mkononi.

Jumatano darasa la binti yangu Bashira lilikwenda kutembelea kituo cha kutotolea samaki. Mwalimu akaniomba nifuatane nao, eti mtu aliyewahi kuzamia majongoo ya bahari atawafaa watoto. Waligombea kunisukuma mpaka wakanigonga mlangoni mara mbili. Ndani, matangi yalikuwa yamenipita kimo. Wenzangu wanatazama samaki, mimi natazama ukuta wa tangi. Nilikasirika, na wewe unanijua.

Mtaalamu wao, Bi. Muzdalifa, akaniona. Akaniwekea beseni la maji mapajani, na juu ya maji akaweka mfuko wa plastiki wenye vifaranga wa samaki wa mwatiko. Akaeleza kwamba vifaranga hawamwagwi papo hapo kwenye maji mapya. Mfuko huachwa uelee nusu saa wazoee taratibu, ukiwaharakisha wanakufa. Akaniomba nisitikisike, nikamjibu kwamba kwa kazi hiyo amepata mtu. Watoto wakacheka.

Bashira alikuwa ameegemea kiti changu. Akaniambia, tena kwa upole, "Baba, Ami Mjaka angekusubirisha hivi, leo ungekuwa unatembea."

Lau beseni lile lingekuwa na kina, Mjaka, ningezama humo nisionekane.

Miaka sita nimemwacha mtoto aamini hivyo, na Mama, na Nungwi nzima. Siku ile nilipozamia, wewe ukiwa juu botini uliivuta kamba yangu mara mbili, ishara yetu ya kusubiri, na nilipozidi kupanda ukaivuta tena. Lakini mimi nilikuwa nimeona kivuli cha boti nyingine, nikaogopa watatuwahi lile fungu la majongoo. Nikapanda mbio kutoka kilindini bila kuupa mwili muda wa kuzoea, na miguu haijanibeba tena. Nilipoulizwa, nikasema wewe ndiye uliyenivuta haraka. Niliona aibu kwamba nimejivunja mwenyewe. Uongo wangu ndio uliokuhamisha kwenu. Nisamehe.

Nilimwambia Bashira ukweli pale pale, beseni likiwa mapajani. Akauliza kama bibi yake anajua. Jioni nikamwambia Mama, na Ijumaa baada ya sala nikawaambia wavuvi wote. Unakumbuka Mama alivyoirudisha sahani ya futari ya kwenu bila kuigusa. Tangu Jumatano hasemi nami. Ila jana alipika, akafunika sahani, akaipeleka mwenyewe kwa mama yako, kwa magoti yale yale.

Ramadhani imekaribia. Ukija kufuturu kwenu, pita na kwetu. Ukichelewa si neno, safari hii nitasubiri.

Nisalimie wote nyumbani. Wasalaam.

Ndugu yako,
Ayoub Kheir